Slabu ya Shiko

Gathogo wa Rongai amejengea watu makaburi kwa miaka ishirini na miwili, na kwa muda huo wote hakuna marehemu hata mmoja aliyelalamika. Alikuwa akilisema hilo mwenyewe mbele ya wafiwa, huku akiipiga slabu kofi kama mtu anayempongeza ng'ombe wake wa maziwa. "Huyu hatoki," angesema. "Hata siku ya kiyama, huyu mtamkuta papa hapa." Wafiwa walicheka kidogo katikati ya machozi, wakamshukuru, wakaenda zao kula.

Makaburi yenyewe yako juu kidogo ya barabara, kwenye ekari mbili ambazo mzungu mwenye shamba hakuwahi kuzilima kwa sababu ya mawe. Shamba lilipogawanywa, watu walipata vipande vidogo, na mwenye robo ekari hawezi kuzika kila mtu wake karibu na mlango wa jikoni. Kwa hiyo wengi huzikwa pale juu. Udongo wa huko ni wa majivu. Ukizika mtu Machi, kufikia Agosti kaburi limedidimia mpaka unaona aibu kulipita. Ndiyo maana kila familia inayojiheshimu hutaka slabu: simiti, kokoto, mchanga, na ndani yake wavu wa waya mzito wa kuishika isipasuke. Juu huwekwa taili, wenye uwezo.

Gathogo alikuwa na ujanja wake, na siri hiyo naitoa hapa bila wasiwasi kwa sababu alikuja kuitoa mwenyewe hadharani. Waya ulitandazwa mbele ya familia nzima. Watu walipiga picha. Kisha, kama desturi ilivyo, kila mtu alishuka nyumbani kwa mfiwa kula mukimo na nyama, na kuwasikiliza wale wasemaji wasiojua kuketi. Hapo ndipo Gathogo alipouchomoa waya, akaukunja, akaufunga nyuma ya baiskeli. Mifuko kumi ya simiti ikawa minne. Ndani alijaza udongo na vifusi, juu akapaka tabaka jembamba kama chapati, akalilainisha kwa mwiko mpaka likang'aa. Waya huo mmoja ulihudhuria mazishi mengi kuliko padri wa parokia. Ulikuwa na pembe moja iliyopinda na kipande cha kitambaa chekundu kilichofungwa hapo, na hakuna aliyewahi kujiuliza mbona waya wa Njoro unafanana hivyo na waya wa Molo.

Hakuwa mtu mbaya, na sisemi hivyo kumtetea. Alijiambia kwamba marehemu yuko chini na haoni. Wengi wetu tunajiambia mambo ya namna hiyo, na hatuna hata mwiko.

Kisha mkewe akafa. Shiko alikuwa akimenya viazi siku ya Jumanne, akasema kichwa kinamgonga, akaketi, basi. Gathogo hakulia. Alikoroga simiti. Alikoroga peke yake siku nzima na hakumruhusu mtu kugusa sepetu. Alimjengea kuta za mawe ndani ya kaburi ili udongo usimlalie, kisha juu akamwaga slabu ya inchi nane, akaipima kwa pimamaji mara tatu. Simiti yote iliingia, hata mfuko wa ziada. Na waya ule uliozunguka kaunti nzima ukabaki humo ndani, na kitambaa chake chekundu. Alipomaliza kubandika taili nyeupe, alisimama pale akingoja kusema maneno yake ya kila siku, akashindwa. Akarudi nyumbani kwa miguu, baiskeli akaisahau kule.

Miaka sita ikapita. Alibaki na binti yake, Joan, ambaye husuka nywele pale senta. Walikuwa wakielewana vizuri kwa kutozungumza sana, mpaka Nabii Micah alipofungua kanisa.

Nabii Micah zamani aliuza dawa za kunywesha kondoo, na hajaacha ile sauti ya kueleza vipimo. Kanisa lake ni la mabati, linaitwa Safina ya Mwisho. Mahubiri yake yalikuwa na hesabu, na hesabu huwatia watu hofu kuliko moto. Alisema gharika ya Nuhu ilianza siku ya kumi na saba ya mwezi wa pili, na kwa kalenda ya zamani, ambayo mwaka wake ulianza katikati ya Septemba, siku hiyo inaangukia mwanzo wa Novemba. Ndiyo maana, alisema, dunia nzima hukumbuka wafu majira hayo hayo. Wakatoliki wana Siku ya Marehemu Wote, tarehe mbili. Wazungu wana maboga yao yenye meno. Hata vijana wa Nakuru wanaojipaka nyuso unga na kwenda klabu mwisho wa Oktoba wanamlilia mtu.

"Wote wako kwa matanga moja!" Nabii alipaza sauti. "Matanga ya wale walizama! Ila wamesahau marehemu ni nani!"

Mpaka hapo, kusema kweli, hata mimi ningeketi nisikilize. Lakini nabii haishii pazuri. Alisema mambo yaliyoanzia tarehe hiyo yataishia tarehe hiyo, na kwamba mwaka huu, tarehe mbili Novemba, Jumamosi, saa tisa mchana, wafu wangeamka kwanza, kisha dunia ifungwe.

Watu walilia, wakaimba. Ndipo Wachuka, mama mmoja mwenye duka la nafaka, akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Nabii, na wale wamejengewa?"

"Wamejengewa nini, mama?"

"Slabu. Wangu ako na slabu ya Gathogo. Gathogo alisema hatoki."

Wengi mle ndani walikuwa na mtu chini ya slabu ya Gathogo. Nabii Micah alikunywa maji, akafuta mdomo, akanywa tena. Mwishowe akasema kwamba Bwana anaweza yote, lakini si vibaya kumsaidia.

Jumatatu asubuhi Wachuka alikuwa mlangoni kwa Gathogo.

"Fundi, nataka unifungulie Ngigi."

Gathogo alicheka mpaka akakohoa. "Mama, kama Mungu anaweza kumpatia mtu pumzi, atashindwa na kokoto?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye ulisema hata siku ya kiyama tutamkuta hapo. Ulisema ukicheka, lakini ulisema."

Akabeba nyundo kubwa na mtaimbo, akapanda naye mlimani. Ikumbukwe kwamba Wachuka alikuwa na waume wawili pale juu. Ngigi ndiye wa kwanza, na Muiruri akaja baadaye, na walilala hatua nne kutoka kwa kila mmoja. Gathogo alimuuliza kama amfungulie na Muiruri.

"Huyo mwache," Wachuka alisema bila kumtazama. "Huyo alichoka sana. Apumzike."

Gathogo alijua kilichokuwa ndani ya slabu ya Ngigi, kwa hiyo alijaribu kuigiza. Alijipaka mikono mate, akatanua miguu, akainua nyundo polepole kama mtu anayejiandaa kwa kazi ya siku mbili. Pigo la kwanza likaacha ufa. La pili likatoboa. La nne, slabu yote ikaporomoka ndani ikawa kifusi, na vumbi la udongo mkavu likawapanda usoni.

Wachuka alitazama lile shimo, akamtazama fundi. "Gathogo. Si ulisema hii ni ya miaka mia moja?"

Mtu mwenye akili angekiri papo hapo, na mambo yangeishia kwa matusi ya dakika kumi. Gathogo alifungua mdomo, na kilichotoka kilimshangaza hata yeye. "Mama," alisema, "nafikiri Mungu ameanza kulegeza."

Jumapili iliyofuata Nabii Micah alipiga kelele mpaka mabati yakatetema. "Mawe yamelegea! Wenye haki wanafunguliwa!" Habari zikapanda Molo, zikafika Sachangwan, zikavuka mpaka Keringet. Wageni walikuja na lori. Kwa siku tisa slabu alizovunja Gathogo zikafika kumi na moja, na zote zikavunjika kama mandazi ya juzi. Kila moja ilipoanguka, watu walipiga vigelegele na kukumbatiana, na fundi akatazama chini. Ulaghai wake wa miaka ishirini ulikuwa umegeuka muujiza, na hakuwa na mahali pa kuupeleka. Ndugu wa marehemu Muiruri naye alikuja akifoka kwamba ukoo wao hauwezi kuachwa chini huku Ngigi anatoka, mpaka Wachuka akakubali, kwa shingo upande, mume wa pili naye afunguliwe. Alifunguka kwa mapigo matatu. Wachuka hakufurahi.

Jioni ya siku hiyo Joan aliweka chakula mezani, wala hakuketi.

"Baba, na Mum?"

"Mum ako sawa pale alipo."

"Wote wamefunguka. Hata Muiruri amefunguka, na alikuwa akinywa hata Pasaka. Ni Mum pekee bado. Ama hutaki atoke?"

Kesho yake alipanda. Joan alimfuata, na nyuma ya Joan watu kama thelathini wa Safina ya Mwisho, wakiimba. Gathogo alipiga pigo la kwanza, na nyundo ikamrudia karibu imng'oe bega. Alipiga mpaka saa sita. Taili moja ikapasuka pembeni, basi. Nyimbo zikapungua, zikakoma. Mtu mmoja akakohoa. Siku ya pili walikuja watu wengi zaidi, nao hawakuimba kabisa.

Mafundisho yalikuwa wazi: jiwe hulegea kwa mwenye haki. Shiko hakuhitaji kushtakiwa na mtu. Slabu yake ilimshtaki.

"Pole, Baba Joan," Wachuka alimwambia njiani, akimshika mkono kwa huruma iliyomuuma kuliko nyundo. "Watu hatuwajui. Shiko alikuwa kimya sana, unajua. Watu wa kimya huwa na mambo."

Shiko! Mwanamke aliyerudisha chenji ya shilingi tano kwa mguu! Gathogo alitaka kumpigia Wachuka kelele kwamba Ngigi wake alilazwa chini ya udongo na rangi, na kwamba katika mlima mzima mtu aliyejengewa kwa uaminifu ni mmoja tu. Lakini familia zilikuwa kumi na moja, na wengine walikuwa wanaume wakubwa wenye hasira za karibu. Akaweka nyundo begani, akateremka. Joan aliacha kula. Senta, wateja wake walianza kuhamia kwa msusi mwingine, na usiseme hawakuwa na sababu: nani anataka kwenda mbinguni na nywele zilizosukwa na binti wa mwanamke yule?

"Alifanya nini, Baba?" Joan alimuuliza siku moja, macho yamevimba. "Niambie tu. Sitamchukia. Nataka kujua ni nini alifanya."

Gathogo akasema hajui. Huo ndio uwongo alioujutia kuliko simiti yote.

Tarehe mbili ikafika. Tangu alfajiri Gathogo alikuwa juu ya kaburi, na kufikia saa nane alikuwa ametoboa shimo moja, upana wa sufuria ya ugali wa watu wawili. Chini yake mlikuwa na giza tupu. Waya ulikuwa umejitokeza kwenye kingo za shimo kama mbavu, na haukukatika.

Wakati huo makaburi yalikuwa yamejaa watu. Kila familia ilikuwa imeketi kando ya shimo lake na thamosi ya chai na mfuko wa nguo, kwa kuwa mtu hawezi kuamka baada ya miaka kumi na tano akavaa suti ile ile. Mama mmoja alileta miwani. Wachuka alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati kabisa ya waume wake wawili, na mfuko mmoja wa nguo mapajani, na shati lililokuwa juu lilikuwa saizi ya Ngigi. Upande wa pili Padri alikuwa amefika na Wakatoliki wake, kama kila mwaka, kubariki makaburi. Alipita na maji ya baraka akirukaruka vifusi. Alimkuta Gathogo, muumini wake wa miaka mingi, amepiga magoti, kichwa shimoni, mweupe kwa vumbi.

"Gathogo, unaingia ama unatoka?"

"Sijui, Fatha," alisema Gathogo, na hakuwa anatania.

Ikabaki nusu saa. Nabii Micah alisimama juu ya jiwe, akatangaza kwamba kumi na mmoja wako tayari, na kwamba kanisa limwombee Shiko, ambaye Bwana amemfungia kwa sababu anazozijua Yeye. Watu wote wa Safina wakainamisha vichwa kumwombea Shiko. Joan alikuwa katikati yao. Hakuinamisha kichwa, alijifunika uso kwa mikono miwili.

Gathogo aliona ile mikono. Akainuka.

"Shiko hana dhambi!" alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Msimwombee! Hiyo ni simiti! Kwake niliweka simiti!"

Hakuna aliyeelewa. Akashika ule waya kwa mikono yote miwili. "Huu mnaujua? Angalieni hiki kitambaa. Wachuka, njoo uangalie."

Wachuka alisogea, akainama. "Huo ni waya wa Ngigi," alisema polepole. "Niko na picha yake kwa simu."

"Ni waya wa Ngigi. Ni wa Muiruri pia. Ni wa wote. Mlikuwa mkienda kula, ninatoa. Simiti nilikuwa naweka mifuko minne, na ndani ni udongo. Mungu hajalegeza kitu. Ni mimi. Sikuwajengea. Huyu ndiye nilijengea, huyu peke yake, na sasa mnamwita mwenye dhambi kwa sababu nilimpenda."

Kisha wote wakasema kwa pamoja. Nabii Micah alijaribu kueleza kwamba hiyo ni roho ya mashaka, hakuna aliyemsikiza. Mtu wa Molo alitaka mifuko yake sita ya simiti iwe imefika kwake kabla ya Ijumaa. Dunia ilikuwa inaisha baada ya dakika ishirini, na yeye alitaja Ijumaa bila kutetereka. Mwingine alisema ataenda kwa chifu Jumatatu. Nduguye Muiruri alitaka kujua kama baba yake pia, na alipoambiwa ndiyo, alivua koti. Wachuka pekee hakupiga kelele. Alirudi kwenye kiti chake akatazama mashimo mawili, na mtu aliyekuwa karibu anasema alimsikia akinong'ona, "Afadhali. Ningeanza kuwaelezaje?"

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano mbingu zilipofunguka.

Si vile Nabii alivyosema. Ilikuwa mvua tu, mvua ya Novemba inayotoka upande wa Mau bila hodi, lakini ilikuja kwa matone makubwa na ngurumo moja nzito, na watu ambao kwa mwezi mzima walikuwa wamehubiriwa habari za Nuhu hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Gharika!" mtu alipiga yowe, na mlima ukamwagika. Thamosi zikaachwa. Suti zikaachwa, miwani ikaachwa. Hasira ya simiti ikaachwa. Nduguye Muiruri alikimbia bila koti. Wa kwanza kuingia kwenye pikapu ya Padri alikuwa Nabii Micah, na inasemekana Padri alimsogezea nafasi. Waliokuja kuwapokea wafu wao waliwaacha hapo wazi, wanyeshewe.

Walibaki wawili. Joan alikuwa amesimama pale pale, nywele zimelowana, akimtazama baba yake. Gathogo hakumwona. Alikuwa akitazama maji yakikimbia juu ya taili nyeupe za slabu aliyoipima mara tatu, yakikusanyika, yakianza kuingia kwenye lile shimo.

Alivua koti lake la kazi haraka, akalitandaza juu ya shimo, akaona halitoshi, akalala juu yake kwa tumbo, mikono imetanda, uso ukiwa kwenye pengo lililobaki.

"Shiko," alisema kule ndani, kwa sauti ya mtu anayeita mkewe kutoka uani. "Shiko, usitoke saa hii. Kunanyesha."

Ndipo akalia, miaka sita ikiwa imepita, na Joan akaja akalala kando yake, upande ule koti lilikokuwa halifiki.